PC ya gemu kwa milioni moja: used ya ofisi uongeze kadi, au ujichange ujenge mpya? Tujadili

Wakuu habari za jioni. Kuna dogo hapa mtaani kwetu kamaliza chuo juzi juzi tu, amejichanga kafika milioni moja kasoro kidogo, anataka PC ya gemu, na gemu zenyewe ni FC (ile ya mpira ya EA), GTA V na Valorant, basi. Kaenda kuomba ushauri kwa watu watatu na karudi amechanganyikiwa kuliko alivyoenda. Wa kwanza kamwambia usiguse used hata siku moja, subiri ufikishe milioni mbili na nusu ununue kila kitu kipya. Wa pili kamwambia nenda Kariakoo chukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, chomeka kadi ya grafiki, cheza. Wa tatu anamsukumia prosesa ya Ryzen 5 5600G mpya bila kadi, grafiki ya ndani itamvusha kwanza, kadi ataongeza baadaye.

Mimi nipo na wa pili na sifichi. Nataka anayepinga aje na hoja sio matusi maana hii hela ya dogo ni ya jasho na hana nyingine.

Nianze na hawa wa "subiri". Kusubiri kulikuwa na maana enzi zile ambapo ukikaa miezi sita vitu vinashuka bei. Sasa hivi tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepaa kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zake kwenye mitambo ya AI, na Micron, watengenezaji wa RAM, Desemba 2025 wakatangaza kabisa kwamba wanaacha kuuza RAM na SSD za Crucial kwa watu wa kawaida kama sisi. Yani dogo akisubiri mwaka mmoja anaweka akiba huku bei inamkimbia. Kompyuta ya ofisi used inakuja na RAM yake ndani tayari, hiyo peke yake mimi naona inamaliza nusu ya ubishi.

Ila sio kompyuta yoyote ya ofisi, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Zile za i5 ya kizazi cha tatu na cha nne, kina Dell OptiPlex 7010 na 9020, ni bei chee kweli na zimejaa kila duka, lakini zinatumia RAM ya zamani ya DDR3 na Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 ilisitishwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za ndani ya kompyuta), bila hivyo haifunguki, utabaki unaangalia tangazo la kosa. Kwa hiyo mstari wangu ni kizazi cha nane kwenda juu, mfano OptiPlex 5060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, ina kore sita, inatumia DDR4, kwa FC na GTA V inatosha na chenji inabaki. Chukua ile pana ya kusimama, usichukue ile nyembamba, maana nyembamba inapokea kadi fupi (low profile) tu na hizo fupi ni adimu na bei yake inauma.

Na ukifika dukani mwambie muuzaji afungue ubavu, akikataa ondoka, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Angalia nyaya za pawa saplai. Nyingi za ofisi hazina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi, na pawa saplai yenyewe ina plagi za kwao tu kwa hiyo huwezi kubadilisha na ya kawaida kirahisi. Maana yake unatafuta kadi inayokula umeme wa kwenye soketi ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) peke yake, ambao ni wati 75. Hapo ni GTX 1650 au 1050 Ti, na hata 1650 angalia vizuri maana kuna matoleo yanataka pini sita. RX 6400 nayo haina waya lakini inatumia njia nne tu za PCIe (hiyo soketi ya kadi), kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 inapoteza nguvu, mimi ningeiruka.

Kadi feki nazo zipo. Wanachukua kadi ya zamani kama GTS 450 wanaibadilisha bayosi (programu ya ndani ya kadi) inajiita 1050 Ti, na kompyuta inaamini. Ukiona "1050 Ti" ina tundu la VGA la bluu, shtuka, maana familia hiyo Nvidia waliondoa VGA kwenye chipu. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kukagua kadi, inaandika neno FAKE kabisa mbele ya jina la kadi.

Sasa nije kwenye pawa saplai, hapa ndo roho inaniuma na ndo sababu naandika haya yote. Mwaka 2020 niliunda mashine yangu ya kwanza, kadi ya RX 580 used ya GB 8, mazabodi mpya, keisi ya kioo yenye taa, nikajiona nimefika, afu pawa saplai nikachukua ya bei rahisi kuliko zote dukani, ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Ukiishika mkononi nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Nilikaa nayo miezi minne, usiku mmoja nacheza umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, uliporudi mara ya pili nikasikia paa, chumba kizima harufu ya kuungua. Mazabodi nayo ikaenda. Fundi akaifungua (usifungue mwenyewe, kapasita zinabaki na umeme hata ukichomoa) akanionyesha zile sehemu za kuweka koili za kuchuja umeme zimeachwa wazi, wameunga kwa kipande cha waya tu. Afu akanisomesha kibandiko ambacho mimi sikuwahi kukisoma, mstari wa +12V, ule unaolisha kadi na prosesa, umeandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16 unapata wati 192. Kadi yangu peke yake ilikuwa inakula wati 185, prosesa ikae wapi?

Ndo maana mtu akinicheka kwamba kompyuta ya ofisi ina pawa saplai ya 260W namwambia hiyo 260 ni ya kweli, na i5-8500 ni wati 65, GTX 1650 ni 75, ukiweka na disiki na feni hufiki 200. Bora 260 ya kweli kuliko 500 ya kibandiko.

Wa 5600G ndo nawaheshimu zaidi kwenye hii mada, naomba wasidhani nawapuuza. Ni kitu kipya, kina waranti, kore sita, na mazabodi ya B450 au B550 unaweza kuihamishia prosesa kali zaidi kama 5800X3D baadaye. Lakini grafiki yake inakopa RAM ya kompyuta, kwa hiyo lazima uweke vijiti viwili vya GB 8, ukiweka kimoja cha 16 inazembea vibaya, na RAM ndo hiyo imepanda. Ukija kuongeza kadi, 5600G yenyewe ni PCIe 3.0 na kashe yake (kumbukumbu ya haraka ya ndani ya prosesa) ni nusu ya ile ya 5600 ya kawaida. Na tuwe wakweli, "nitaongeza kadi baadaye" kwa kijana asiye na kazi bado, hiyo baadaye inakuja lini?

Zile seti za prosesa za seva za Xeon na mazabodi za X99 kutoka China sizizungumzii sana, kore 14 kwa gemu zinazotumia kore sita ni kununua basi ukampeleke mtoto mmoja shule.

Dogo anaenda Kariakoo Jumamosi na mimi nitaenda naye na flashi yangu. Kwa hiyo kabla ya hapo, nani anacheza na 5600G bila kadi, vijiti viwili vya RAM, anapata fremu ngapi kwenye FC na GTA V kwa 1080p? Na wa "subiri", nitajieni pawa saplai gani mpya mmeitumia miaka miwili kwa huu umeme wetu na haijawahi kuwaangusha, na mtaje na ampea za +12V zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.