Taarifa ya diwani ya kufunga mwaka: ahesabu kazi zake au kazi za kila taasisi?

Mleta mada

Wana Tanga, salaam. Diwani wetu ametutumia taarifa yake ya kufunga mwaka. Kata siitaji, maana ninalolisema nimeliona kwingine pia. Ni kurasa nne na picha nyingi: barabara iliyotiwa lami, bomba jipya la maji, gati za bandari, madarasa mawili, kisha heri ya mwaka mpya na maombi ya ushirikiano. Nimeisoma mara tatu nikitafuta hata shilingi moja ambayo baraza lake ndilo lililoipangia kazi. Sikuiona.

Mimi nasema diwani anapofunga mwaka atueleze alichofanya kwa mamlaka aliyonayo yeye. Barabara za mitaani kwetu tangu 2017 ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya mjini ni ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji, ambao mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani (yaani walikopa kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua mtandao wa maji. Gati ni za Mamlaka ya Bandari, na fedha zake zilitoka serikali kuu. Nafurahi meli zinafunga gatini badala ya kushushia mizigo nangani. Lakini hilo halikuamuliwa kwenye kikao cha madiwani.

Kinachoamuliwa mle ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ushuru wa huduma, kodi za vibanda. Mama anayelipia meza yake Mgandini, kijana anayelipa leseni ya duka Barabara ya 12, fedha yao inaingia huko. Na sheria inataka asilimia 10 ya mapato hayo ikopeshwe bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwenye kata yetu vikundi vingapi viliomba? Vingapi vilipata? Vingapi vinarejesha? Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa hiyo majibu anayo.

Karibuni tujadili. Nikikosea, nisahihishwe.

Mchangiaji, Makorora

Kaka, hapo umemwonea. Mwanamke aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kukinga maji hamuulizi mtu bomba limelipiwa na hatifungani ya nani. Anajua maji yametoka. Na kabla hayajatoka, ni nani aliyekuwa akipanda ngazi za ofisi za watu kuwakumbusha? Meneja wa maji hapiti mtaani kwetu, wala wa TARURA. Tunayemgongea mlango usiku mtaro ukiziba ni diwani. Sasa akikimbizana mwaka mzima, mwisho asiseme? Na asiposema, wewe huyo huyo utauliza alikuwa wapi.

Mleta mada

Hoja yako ina uzito, na nakubali sikuigusa. Basi aiseme hivyo: nilikwenda ofisi fulani, nikapeleka ombi la mtaa fulani, nikajibiwa hivi. Hiyo ni kazi yake na nitampongeza kwayo. Ila taarifa inasema "tumejenga", "tumeleta". Mwananchi akiamini diwani ndiye mjenzi wa barabara, siku lami ikibanduka anamtukana diwani, na mwenye barabara anakaa salama bila kuulizwa. Nimewahi kuona mkutano mzima ukiishia kwa kelele za namna hiyo, tukatawanyika bila hata kuandika barua kwa anayehusika.

Mchangiaji, Duga

Naomba niseme la mikopo kwa sababu limenikuta. Sisi ni wanawake wa kukaanga samaki na kuuza jioni. Tulisajili kikundi, tukafungua akaunti ya benki, tukajaza fomu, tukapita ngazi ya kata. Baada ya hapo kimya. Ofisi tuliyopeleka karatasi kila tukienda tunaambiwa tusubiri mfumo. Wawili wamekwishatoka kwenye kikundi, wamechoka kuchangia nauli. Kuambiwa hatukupata nisingeumia hivi. Linaloniumiza ni kutoambiwa kitu.

Lakini mleta mada, usije ukataka majina yasomwe mkutanoni. Mtu amekopa, biashara imeyumba, mumewe hana habari, halafu jina lake lisomwe mbele ya majirani? Pwani hii hatuishi hivyo. Tutajiwe idadi na kiasi. Majina yabaki kwenye faili.

Mleta mada

Dada yangu, nimekuelewa na nafuta neno langu kama lilisikika hivyo. Idadi inatosha. Ongeza na moja: walionyimwa waambiwe sababu, tena kwa maandishi.

Mchangiaji, Mabawa

Mnapigia mstari vitu ambavyo watu hawavitaki. Mkutano wa mtaa kwetu ukiitishwa wanakuja wazee kumi na wajumbe wenyewe. Vijana tuko kwenye bodaboda, tuko soko la samaki la Deep Sea, tuko vibaruani. Taarifa ya simu yenye picha ndiyo inayotufikia. Msimlaumu anayetumia njia inayofika.

Mchangiaji, Chumbageni

Mimi nilitumikia serikali za mitaa hadi nikastaafu, naomba niweke mambo mawili ambayo naona yamerukwa.

La kwanza, mwaka gani unafungwa? Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Desemba tuko katikati. Diwani anayesema mwezi huu "tumetekeleza bajeti" anazungumzia nusu tu, na hapo ndipo faida yake ilipo kama angeitumia. Maana miezi hii ndiyo bajeti ya mwaka ujao inapopikwa. Mahitaji yanatoka mtaani, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yanapanda kwa wataalamu, yanafika kamati za baraza, ndipo Baraza la Madiwani linapitisha. Taarifa ya Desemba ingetuambia: mliomba haya, yaliyoingia ni haya, yaliyokatwa ni haya, sasa mnataka nini kitangulie? Heri ya mwaka mpya ifuate baadaye. Ukingoja Juni kuuliza choo cha shule, umechelewa mwaka mzima.

La pili, msimbebeshe diwani kazi ya mkurugenzi. Diwani haidhinishi malipo wala hasaini hundi. Kazi yake ni kupitisha mipango, kusimamia, kuhoji. Kwa hiyo kipimo chake ni maswali aliyouliza barazani na hoja alizosimamia. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili, kisha kila halmashauri hukaa baraza maalumu kujibu hoja zake. Diwani wenu alisema nini siku hiyo? Na ninyi wenyewe, mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Miaka yote niliyokaa mle, viti vya wananchi vilikuwa vitupu, isipokuwa siku ya kuchagua meya.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la viti vitupu limenichoma. Miaka kumi na minne naishi jijini hapa na sijawahi kuingia barazani hata mara moja.

Kijana wa Mabawa, nakubali simu ndiyo inayofika. Basi tarakimu ziende na picha. Mstari mmoja wa mikopo hauzidi uzito wa picha ya madarasa. Ila simu haijibu swali. Nilimwandikia diwani kwenye kundi letu la kata, nikapewa alama ya dole gumba. Mkutanoni angesimama.

Ndugu wa Makorora, nimebadili ombi langu kwa sababu yako. Leo asubuhi nimepeleka barua kwa mtendaji wa mtaa nikiomba ajenda moja iongezwe, tena fupi. Diwani atusomee mambo manne: maombi ya mtaa wetu aliyoyapeleka kwa taasisi nyingine na majibu aliyopewa, idadi ya vikundi vilivyoomba mkopo, vilivyopata na kiasi, kipi kati ya vipaumbele vyetu kiliingia kwenye bajeti inayoendelea, na tarehe ya kikao kijacho cha baraza. Mtendaji ameipokea na kugonga muhuri kwenye nakala yangu.

Mkutano ni Jumamosi baada ya Alasiri. Dada wa Duga, kama kwenu nako wameitisha, nenda na nakala ya fomu zenu.