Acheni kuwaambia watu wang'oe themostati kwenye injini za silinda sita!

Wakuu, nimevumilia sana, leo lazima niseme. Mtu akiuliza tu kwamba gari yake ya silinda sita inachemsha, hata hajamaliza kueleza kama inachemsha kwenye foleni au kwenye mwendo, jibu linalotangulia ni lile lile: ng'oa themostati (ile vali inayofunguka kwa joto na kuongoza maji ya kupoza injini), tupa kule, injini itapoa yenyewe. Anayejibu hajauliza injini ni ipi. Hajui hali ya rejeta, hajui feni inavuta au imekufa. Na bado anashukuriwa! Mwenye gari anakwenda kung'oa, kisha anarudi kuulizia gasketi ya headi (kizibo kati ya bloku na headi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda), na hapo yule mshauri haonekani tena.

Jirani yangu ana gari yenye 1JZ-GE, ile injini ya Toyota ya silinda sita za mstari, ya lita 2.5. Iliingia gereji kwa sababu ilikuwa inapandisha joto kwenye milima, ikatoka bila themostati. Niliipokea ikitoa moshi mweupe, maji yanapungua na huoni yanakovujia. Nimefungua nyumba ya themostati, ndani patupu. Hata ile pete ya mpira haipo, pamepakwa silikoni nyekundu, na vipande vya hiyo silikoni vimesafiri na maji hadi kwenye vijia vya rejeta. Maji yenyewe ni ya bomba matupu, yamekuwa mekundu kama chai ya rangi kwa kutu. Tumeshusha headi, tumeisafisha, nimelaza rula ya chuma: fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.15 inapita chini yake pale katikati, wakati mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.10. Injini iliyokuwa na uwezo wa kutembea miaka mingine mingi imefumuliwa kwa sababu ya ushauri wa sekunde mbili.

Sasa tuelezane kazi ya hicho kifaa, maana wengi wanadhani ni kizibo cha kuzuia maji tu. Themostati ya JZ, yaani ukoo wa injini hizi za 1JZ na 2JZ, ina sahani mbili. Ya kwanza hufungua njia ya maji yaliyopoa kutoka rejeta, na huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ya pili, hiyo ya kwanza inapofunguka, yenyewe inakwenda kuziba njia ya mkato, ile ambayo injini ikiwa baridi hurudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji hupenda njia nyepesi, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inazunguka mle mle ndani ya injini na haifiki kwenye rejeta kabisa. Mlima ukija, au foleni ya jua kali, umeinyima injini sehemu ya rejeta yake wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote!

"Mbona mimi nimetoa na mshale wa joto uko chini?" Ndiyo, uko chini kwa sababu unatembea bila mzigo. Na mshale uliolala chini si sifa. Sensa inaiambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini bado ya baridi, kontrol boksi inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi. Plagi zinakuwa nyeusi. Unyevu unaotakiwa kukaushwa na joto unabaki ndani, unafungua kifuniko cha oili unakuta ute wa rangi ya maziwa. Gari nyingi za otomatiki haziingizi gia ya mwisho mpaka maji yapate joto, na mwenye gari anaambiwa giaboksi imechoka. Na anayeambiwa hivyo anafumua giaboksi nzima!

Jambo jingine: usiuamini mshale kupita kiasi. Kwenye Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa. Ukiona umenyanyuka, mambo yameshaharibika. Na maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka huku headi inaungua.

Injini ya silinda sita za mstari haina msamaha kwenye joto. Headi ni ndefu, ni alumini, na kwenye JZ imekaa juu ya bloku ya chuma cha kutupwa. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Joto likipishana kati ya silinda ya 1 iliyo jirani na pampu na ya 6 kule nyuma, gasketi ndiyo inayovutwa huku na huku. Tena wapo wanaofunga headi kwa nguvu za mkono, bila torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), bila mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje. Hao nao nitawafungulia uzi wao.

Wanaotaka kuongeza nguvu ndio wananimaliza kabisa. Mtu ana 2JZ-GE ya zamani, mgandamizo (kiasi silinda inavyobana hewa na petroli) 10 kwa 1, anataka kuifunga turbo nyumbani. Sawa, ni haki yake, bloku ile inastahimili. Lakini anaanza kwa kung'oa themostati "ili ipumue". 2JZ-GTE iliyotoka kiwandani na turbo ina mgandamizo wa 8.5 kwa 1, na themostati inayo! Wewe una mgandamizo mkubwa zaidi, unaongeza hewa na joto, halafu unavuruga mzunguko wa maji? Mafuta yatawaka kabla ya wakati, pistoni zitapasuka, kisha itasemwa injini za Kijapani siku hizi ni mbovu.

Mtu akisema inachemsha, muulizeni kwanza. Inachemsha ikisimama au ikitembea? Ikichemsha ikisimama na kupoa ikitembea, angalia klachi ya feni: zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa kidole, ikizunguka kirahisi bila ukinzani basi imekufa. Ikichemsha kwenye mwendo, rejeta imeziba au pampu imeliwa mapanga. Kifuniko cha rejeta je? Kikishindwa kushika presha, maji yanachemka mapema, na hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Hewa imetolewa? Themostati ya JZ ina kijivali kidogo kinachochezacheza, kinakaa upande wa juu ili hewa ipite. Ukikigeuza chini unajitengenezea tatizo jipya.

Na kama unaishuku themostati yenyewe, usiitupe, ipime. Iweke kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, isiguse chini, pasha taratibu, tazama inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Ikigoma au ikibaki wazi ikiwa ya baridi, nunua nyingine ya joto lile lile, na pete mpya ya mpira. Silikoni haihitajiki pale!

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuandika "ng'oa" kwenye uzi wa mtu mwingine, taja kwanza umeipima vipi, na kwenye injini gani. Kama huna jibu, kaa kimya, headi utakayopindisha si yako.