Nimekwama kitabu cha 10 kati ya 14: nikomae au nipige chini?

Msomaji wa Usiku

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wale mnaosoma riwaya ndefu za fantasia, zile zenye ramani mwanzoni na orodha ya majina mwishoni.

Nasoma The Wheel of Time ya Robert Jordan. Vitabu ni 14, nami nipo cha 10. Vile vya mwanzo nilivimeza, hasa cha nne, hicho kilininyima usingizi. Kuanzia cha saba hivi mambo yakaanza kupoa, cha nane na cha tisa nikajikokota, na hiki cha kumi kimenishinda kabisa. Nakifungua, watu wanapanda farasi, wanashuka, wanakunywa chai, mwanamke fulani amekasirika ananyoosha sketi yake, Perrin bado anamtafuta mkewe. Nakifunga.

Kibaya zaidi nilikaa muda mrefu bila kusoma, na niliporudi majina yote yamenitoka. Hao Aes Sedai, wale wanawake wachawi, wako wangapi jamani? Anatajwa mtu kwa jina, chumba kizima kinashtuka, mimi natoa macho tu.

Sasa niendelee, nirudie kuanzia cha kwanza, niruke, au niachane nacho? Tafadhali msimwage mtama, mwisho siujui.

Kalamu Kavu

Piga chini. Huna mtihani wa kufanya.

Mama Juzuu

Usimsikilize huyo hapo juu, kila uzi ushauri wake ni huohuo.

Mleta mada, tatizo si wewe. Kitabu cha 10 kilitoka 2003, na hata mashabiki wa damu wa Jordan wengi wanakitaja kuwa ndicho kizito kuliko vyote. Sababu iko kwenye jinsi kilivyopangwa. Mwisho wa cha tisa lilitokea lile jambo kubwa, bila shaka unalikumbuka. Cha kumi, badala ya kusonga mbele, sehemu yake kubwa inarudi kutuonyesha huyu alikuwa wapi jambo lile likitokea, yule alikuwa anafanya nini, na wale wa kule walihisi nini. Unasoma mamia ya kurasa na kalenda haijasogea. Walioanza kukisubiri tangu 2000 walikuwa na haki ya kununa.

Lakini hata waandishi wengine yanawakuta. Unaanza na vijana wachache wa kijiji kimoja, wote wako njia moja. Kisha unawatawanya. Kila mmoja anapata marafiki wake, maadui wake na mji wake, na baadhi ya hao marafiki nao wanaanza kupewa sura zao. Usipomgusa mtu kitabu kizima msomaji anamsahau, ukiwagusa wote kila mmoja anapiga hatua moja tu. George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones, alifika hapohapo: kitabu cha nne kilipomzidi nguvu aliwagawa wahusika, nusu wakatoka 2005 na nusu wakasubiri hadi 2011. Kama kipenzi chako ni Tyrion au Daenerys, tangu 2000 hukupata sura yake hata moja kwa miaka 11.

Ushauri wangu ni huu. Tazama mwanzo wa kila sura, kuna kijipicha juu ya jina lake. Kichwa cha mbwa mwitu, hayo mara nyingi ni mambo ya Perrin. Kete, ni Mat. Humo ndani chagua unaowataka, wengine wapitie juujuu. Ni kitabu cha kumi tu ninachokuruhusu kukifanyia hivyo! Cha 11 kilitoka 2005 na mwendo unarudi, tena hilo la Perrin linalokukera linafikia mwisho wake humo. Sisemi vipi.

Chaki Nyeupe

"Sisemi vipi", na mtama umeshamwagika, mama.

Mama Juzuu

Punje moja tu hiyo. Kuku hawajaiona.

Fundi Ramani

Mimi nina sheria: sianzi mfululizo ambao haujaisha. Martin kanifundisha. Kitabu cha tano 2011, cha sita hadi leo tunakisikia tu. Patrick Rothfuss naye cha pili mwaka huohuo wa 2011, cha tatu kimya. Mleta mada wewe una bahati, mzigo wote uko mezani. Jordan alifariki 2007 kabla hajamaliza, Brandon Sanderson akachukua maandishi na maelezo aliyoyaacha akatoa vitatu vya mwisho kati ya 2009 na 2013. Kuishia cha kumi wakati mwisho upo ni kujinyima bure.

Binti Faharasa

Fundi Ramani, sheria yako naielewa ila inajikata miguu yenyewe. Kila mtu akisubiri cha mwisho kitoke ndipo anunue cha kwanza, mchapishaji anaona cha kwanza hakiuziki, basi na hicho cha mwisho hakitoki. Halafu unakosa utamu wa kubishana. Sisi tuliokuwa tunasubiri tulikuwa na muda wa kukisia nani mtoto wa nani na nani msaliti. Anayesoma vyote vikiwa tayari anapata jibu kabla swali halijamkaa kichwani.

Turudi kwa mleta mada na majina yake. Usirudie kuanzia cha kwanza. Nimewaona wengi wa aina hiyo, vitabu vitatu vya mwanzo wanavijua kwa moyo na cha sita hawajawahi kukiona jalada. Tafuta muhtasari wa sura kwa sura wa vile viwili vya mwisho ulivyosoma, inatosha kukurudisha barabarani. Nyuma ya kila kitabu cha Jordan kuna faharasa ya majina na istilahi, itumie bila aibu, imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Halafu chukua karatasi, ila usiandike majina peke yake kama orodha ya mahudhurio. Andika huyu yuko upande gani na anamficha nani kitu gani. Kwa Aes Sedai andika rangi ya Ajah yake, yaani kundi lake, kwanza, jina baadaye. Ukijua kwamba fulani ni Mwekundu, kazi yao hao ni kuwawinda wanaume wenye uwezo wa kichawi, tayari unajua kwa nini kaingia chumbani na Rand, mhusika mkuu mwenye uwezo huohuo, kakunja uso. Jina linaloonekana mara moja liache lipite. Likirudi tena na tena, ndiyo ulipe mstari.

Msomaji wa Usiku

Asante dada, hiyo ya Ajah sikuwahi kuiwaza. Na vitabu vya sauti je? Kuna mtu kaniambia ndiyo dawa ya hizi sehemu za farasi.

Chaki Nyeupe

Ni dawa kweli. Wasomaji ni wawili, Michael Kramer na Kate Reading. Yeye Kramer anasoma sura zinazofuata macho ya wanaume, Reading za wanawake, kwa hiyo sauti ikibadilika unajua tumehamia kwa mtu mwingine. Safari za farasi zinapita huku unaosha vyombo, na kurasa tatu za maelezo ya gauni unazivuka bila kujua.

Ubaya wake ni tahajia. Kuna mhusika nilimsikiliza vitabu kadhaa, siku nimekutana na jina lake kwenye maandishi nikadhani ni mtu mpya. Kwa hiyo usichanganye ovyo: kama karatasi ya Binti Faharasa unaitaka, sikiliza ukiwa na kitabu karibu.

Kasuku Mkongwe

Mbona wote mnazungumza kama urefu ni ugonjwa? Ngoja niutetee kidogo.

Mchukue Mat. Vitabu viwili vya kwanza anaudhi, ni mgonjwa, anaiba, analalamika, na hatuingii kichwani mwake kabisa. Kinakuja cha tatu, tunapewa sura zake, na ghafla yule mtu ambaye ulikuwa unataka afukuzwe ndiye unayemtafuta ukifungua kitabu. Hilo halifanyiki kwenye kurasa 300. Kwenye kurasa 300 mwandishi atakuambia "amebadilika", nawe utakubali kwa heshima tu. Hapa umekaa naye muda mrefu kiasi kwamba umechoshwa naye kama ndugu, na ndiyo maana akifanya jambo la ushujaa huku akilalamika kwamba yeye si shujaa, unacheka peke yako.

Utani pia. Kauli inatupwa kitabu cha pili, inaokotwa cha sita, na mwandishi hakukumbushi. Ukiikamata mwenyewe unajiona mwerevu siku nzima.

Ila siwatetei wahariri. Mfululizo ukishauza sana, sijui ni nani anabaki na ujasiri wa kumwambia mwandishi kata hizi kurasa mia. Cha kumi kilihitaji mtu wa namna hiyo.

Fundi Ramani

Na ukimaliza usikimbilie Malazan ya Steven Erikson ukidhani utapumzika. Vitabu 10, kuanzia 1999 hadi 2011, na huko ugumu unaanza ukurasa wa kwanza. Haelezi kitu. Unamaliza cha kwanza ndiyo umeanza kuwajua watu, cha pili kinakupeleka bara jingine na wengi wao huwaoni. Mimi nakipenda, lakini si cha mtu aliyechoka.

Kwa aliyechoka kuna Robin Hobb. Ni vitabu 16, kuanzia 1995 hadi 2017, ila vimegawanywa vitatu vitatu na kundi moja la vinne, na kila kundi lina mwisho wake. Unaweza kushuka njiani ukasoma mambo mengine na usidaiwe.

Kalamu Kavu

Bado nasema apige chini.

Msomaji wa Usiku

Nimewasikia wote, hata wewe Kalamu Kavu. Nitakipita cha kumi kwa vile vijipicha, sura za Mat nitasoma neno kwa neno, na karatasi ya Ajah nimeshaanza. Swali la mwisho: nina New Spring pia, ile ndogo ya mambo ya kabla ya kitabu cha kwanza. Niisome mwisho kabisa?

Mama Juzuu

Hapana, isome sasa hivi. Ilitoka 2004, katikati ya cha 10 na cha 11, na wakati wake ni kama miaka 20 kabla ya hadithi kuanza. Ni Moiraine na Lan, na Siuan akiwa bado mwanafunzi kule Mnarani, makao ya Aes Sedai. Hao huwezi kuwa umewasahau. Ni fupi na ina mwendo. Ukiimaliza, rudi kwa cha kumi ukianzia na kete.