Naomba ushauri: tuuze parseli (kiwanja) kwa ajili ya tiba ya jeni ya BCL11A?

Wandugu, niko Lubumbashi, komini ya Kenya (si ile nchi). Mtoto wa dada yangu, miaka tisa, ana drepanositozi (selimundu), SS kamili, yaani amerithi jeni ya ugonjwa kwa wazazi wote wawili. Kaka yetu aliyeko Ubelgiji ametutumia habari za jeni iitwayo BCL11A, na sasa mama anataka parseli ya Ruashi iuzwe.

Nilivyoelewa, jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 2 na hutengeneza protini yenye vidole vinavyoshikiliwa na zinki. Vidole vitatu vya mwishoni hung'ang'ania DNA jirani na jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto aliye tumboni, na kuizima. Ndiyo maana kichanga wa SS huwa mzima miezi ya kwanza, himoglobini hiyo ikiwa bado ipo, kisha maumivu yanaanza. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, hukata swichi inayowasha BCL11A katika seli shina za damu, na himoglobini ile ya mwanzo inarudi.

Lakini mwaka huo wa 2023 iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na zaidi, bei yake Marekani ikatangazwa kuwa dola milioni 2.2, na kwanza uboho hufutwa kwa kemotherapi inayoweza kuharibu uzazi. Parseli gani hiyo ya Ruashi!

Mimi naegemea hidroksiurea, dawa ya kumeza, nayo hupandisha himoglobini hiyohiyo ya mwanzo. Wenye watoto wanaoimeza hapa: mnapima damu kila baada ya muda gani? Chembe nyeupe zikishuka, munganga (daktari) hufanyaje? Na mama nimwambieje asiuze, bila kuonekana namkatia tumaini?