Naomba ushauri: mabaraza ya India, zawadi au kuchelewesha uhuru?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia kidato cha sita na wiki ijayo naingia kwenye India chini ya Waingereza. Nimekwama.

Sheria za 1861 na 1892 nazipitia haraka: Wahindi wachache waliingizwa kwenye mabaraza ya kutunga sheria, lakini kauli ya mwisho ilibaki kwa Waingereza. Ya 1909 iliongeza wajumbe wa kuchaguliwa, ila ikawatengea Waislamu viti vyao, vilivyopigiwa kura na Waislamu pekee. Hapo mbegu ya mgawanyiko ilipata udongo.

Kinachonisumbua ni 1919. Mwezi Aprili askari waliwamiminia risasi watu wasio na silaha pale Jallianwala Bagh, Amritsar. Desemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kugawana madaraka majimboni: mawaziri wa Kihindi wakapewa elimu, afya na kilimo, huku fedha na polisi vikibaki mikononi mwa gavana. Utajengaje shule wakati mfuko kashika mwingine?

Sheria ya 1935 ilikwenda mbali zaidi, na baada ya uchaguzi wa 1937 chama cha Congress kikaunda serikali katika majimbo mengi. Lakini 1939 Viceroy Linlithgow, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, aliiingiza India vitani bila kuwashauri viongozi wa Kihindi, na mawaziri wa Congress wakajiuzulu.

Wanafunzi wangu wataniuliza: Waingereza walikuwa wanawaandaa kujitawala, au wanavuta muda? Mimi naegemea la pili, ila sitaki kuwalisha msimamo wangu. Mliowahi kufundisha mada hii, mnaanzia wapi?