Uzembe na rafu, tofauti yake nini wakuu?

Kijana wa Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Leo asubuhi nimepanda boda hapa Nkuhungu, Dodoma, naenda Jamatini, dogo anachomekea kwenye magari kama kafukuzwa, mkono mmoja una simu, nikamwambia we acha uzembe utatuua. Akasimama pembeni kabisa, kanuna, eti "mzembe nani bro, mimi naamka saa kumi alfajiri kila siku, mzembe huyo aliyelala kwao". Nikakosa jibu. Hivi nilikosea neno au anajitetea tu?

Beki mstaafu: Hahaa dogo kakubana mkuu. Mtaani mzembe ni mvivu, hapo yuko sahihi, ila uzembe pia ni kuacha kufanya unachotakiwa, ndo maana ajali ikitokea tunaambiwa chanzo uzembe wa dereva. Hujakagua breki, hujawasha indiketa, huo uzembe. Huyo wako alikuwa anacheza rafu, yani anafanya kwa makusudi. Beki akichelewa kumkaba mtu ni uzembe, akimfyeka ni rafu, kadi inatoka kwa hiyo ya pili.

Fuso la Manyoni: Mkuu mimi hapo sikubali sana. Sisi barabarani ukiita mtu rafu unakuwa kama umemsifia, "jamaa rafu yule" na anacheka, abiria wenyewe wanamgombania maana anawahisha, nimewaona wengi tu. Mwite mzembe uone atakavyowaka. Halafu Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haina habari na rafu yenu, ukipelekwa mahakamani utasikia uzembe au kuendesha kwa hatari, basi.

Mama Wawili, Majengo: Na hawa wanaopakia mshikaki watu watatu na mtoto juu ya tenki, helmeti moja nayo kaining'iniza kwenye kioo, hao mnawaitaje? Huku kwetu tunasema kajitoa ufahamu. Ukisema uzembe ni kama umemtetea kwamba alisahau, wakati anajua kabisa, na akimwona trafiki mbele anawashusha wawili watembee kwanza.

Kijana wa Nkuhungu: Asanteni wakuu, hiyo ya kujitoa ufahamu nimeichukua. Ila niseme ukweli, buku mbili yake nilimpa na kazini nilifika mapema.

Fuso la Manyoni: Si unaona sasa 😂

Mama Wawili, Majengo: Na kesho utampigia simu huyohuyo.

Kijana wa Nkuhungu: Namba yake ninayo mama 🙈