Salopeti za migodini: nianzie mlango gani wa Serikali?

Mama Mshonaji, Ruashi
Jambo wandugu. Nina atelie ya kushona hapa Ruashi, Lubumbashi, tunashona salopeti, nguo za kazi za wafanyakazi wa migodi, zile zenye mikanda ya kung'aa. Komande (oda) zinapitia kwa bwana mmoja mwenye karatasi za biashara: sisi tunashona, faktire (ankara) inatoka kwa jina lake, na faida inabaki kwake. Binti yangu anasema niombe lebo ya startapu, kibali cha Serikali kwa biashara changa. Wengine wananituma ANADEC, shirika la Serikali la kukuza wajasiriamali, wengine FOGEC, mfuko wa Serikali. Mimi nataka faktire yenye jina la atelie yangu.

Kontabule wa Kamalondo
Mama, hiyo startapu uiache kwanza. Sheria ya Septemba 2022 inatafuta biashara changa za ubunifu, na salopeti sioni zitaingilia wapi. Sheria yako ni ile ya tarehe 8 Februari 2017, ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inawapa wengine wazifanye. Imeziweka kwa ajili ya kampuni zenye mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya Serikali ya sutretansi, ndiyo inayosimamia. Basi nenda kwanza Guichet Unique, ofisi ya Serikali ya kusajili biashara, utoke na RCCM (namba ya usajili wa biashara), namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi. Bila hizo yule bwana ataendelea kula jasho la watoto wako, na hilo linaniuma.

Mama Mshonaji
Asante papa. Na pesa ya kitambaa? Kampuni zinachelewa kulipa.

Kontabule wa Kamalondo
FOGEC haikupi pesa mkononi. Ni mfuko wa dhamana: benki inakopesha, mfuko unabeba sehemu ya hatari. Benki itataka kuona hesabu, kwa hiyo andika kila roli ya kitambaa na kila mshahara. Chunga pia matangazo ya TRANSFORME, mradi wa Serikali kwa pesa za Benki ya Dunia, dola milioni 300. Unawaangalia sana wanawake wenye biashara, na Lubumbashi imo.

Kijana wa Katuba
Mimi nilipita kwenye shindano la mipango ya biashara, lile la PADMPME, mradi wa Serikali wa kusaidia biashara ndogo na za kati. Maneno mazuri hayakuwashika. Waliuliza: nani ananunua, kwa bei gani, karatasi yake iko wapi? Mama, tunza kila bon ya komande, ile karatasi ya oda.

Mama Mshonaji
Jumatatu naenda. Atelie inaweza kubeba jina la mama yangu?

Kontabule wa Kamalondo
Inaweza, kama hakuna aliyelisajili mbele yako. Uende na majina mawili.